UKUTA IMARA, PASI MBOVU: KWA NINI HATUFUNGI MAGOLI?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Nimepewa kurasa hizi katika jarida letu la mwaka, nami ningependa kuzitumia tufundishane jambo moja la kandanda. Najua wako watakaosema, "Chama cha Kiswahili na mpira, wapi na wapi?" Ngojeni kidogo. Mpira huchezwa kwa miguu lakini huelezwa kwa maneno, na timu ambayo haiwezi kueleza ugonjwa wake haiwezi kuutibu. Mtu akisema tu, "Mafowadi wetu hawajui kufunga," basi amefunga mjadala kabla haujaanza.

Somo langu ni hili. Timu inaweza kuwa na ukuta imara, ikafungwa magoli machache sana, na bado ikarudi nyumbani mapema kwa sababu mpira haupiti katikati kufika mbele. Hapo lawama zote huwaangukia washambuliaji, kumbe ugonjwa uko kwenye pasi. Nitaanza na maneno yenyewe, nitoe mifano ya timu kubwa, nifanye hesabu kidogo, halafu nije kwa timu yetu. Naomba msiruke sehemu ya hesabu. Ni fupi.

1. MANENO KWANZA

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya kuzuia. Tunasema kulinda, kukinga, kuhami, kujihami, kukaba, kuzima na kupangua. Beki akiwa hodari tunamwita kisiki. Mabeki wote kwa pamoja tunawaita ukuta au ngome. Mlinda lango akishika vizuri tunasema amedaka, na akiupiga ngumi tunasema ameupangua.

Upande wa kufunga pia hatuna njaa ya maneno. Mchezaji hufumua mkwaju, hutandika shuti, hucheka na wavu. Lakini pale katikati, mahali mpira unapotoka mguu wa mtu mmoja kwenda mguu wa mwingine, msamiati wetu unapungua. Tunasema tu "pasi", neno la kukopa, tena tunalitumia kwa kila kitu. Mtu akipiga mpira juu juu kama anayefukuza ndege shambani, tunasema ametoa pasi. Mwingine akipitisha mpira katikati ya mabeki wawili mpaka ukamkuta mwenzake anakimbia, huyo naye tunasema ametoa pasi. Hayo si mambo sawa!

Kwa sababu hiyo, katika makala haya nitatumia majina haya manne:

(a) Pasi ya kupokezana: fupi, ya chini, kutoka mguu hadi mguu.
(b) Pasi ya kugongeana: unampa mwenzako, naye anakurudishia mara moja huku wewe ukikimbia.
(c) Pasi ya kupenyeza: inapita katikati ya walinzi na kumkuta mshambuliaji nyuma yao.
(d) Kubutua mbele: kuupiga mpira mbali bila kumlenga mtu. Hii si pasi. Ni kuondoa hatari, au ni kubahatisha.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga katika methali hii ni kijinga cha moto, yaani kipande cha kuni kinachowaka. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba kinga pia ni ulinzi. Methali hiyo inafaa sana hapa, kwa sababu kijinga kimoja huzimika chenyewe. Vikikutana viwili, moto unapatikana. Pasi ni kukutana kwa watu wawili.

2. HARAMBEE STARS, AGOSTI 2025

Sasa tuje kwa mfano wa nyumbani. Mwezi wa Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, yaani kombe la mataifa ya Afrika la wachezaji wanaosakata ligi za nchi zao wenyewe. Kenya ilicheza mechi zake katika uwanja wa Kasarani chini ya kocha Benni McCarthy kutoka Afrika Kusini. Sisi wa huku kwenye chai wengi tuliziona mechi hizo madukani na hotelini. Siku za Harambee Stars ilikuwa vigumu hata kupata pa kusimama.

Hebu tazama matokeo yote matano:

Tarehe 3: Kenya 1, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 0.
Tarehe 7: Kenya 1, Angola 1.
Tarehe 10: Kenya 1, Morocco 0.
Tarehe 17: Kenya 1, Zambia 0.
Tarehe 22, robo fainali: Kenya 1, Madagascar 1. Madagascar ikashinda kwa penalti 4 kwa 3.

Umeona kitu? Soma tena upande wa Kenya. Moja, moja, moja, moja, moja. Katika mechi tano Kenya ilifunga mabao matano, bao moja kila mechi, bila kuzidisha hata siku moja. Ikafungwa mawili tu.

Ukuta ule ulistahili sifa zote. Dhidi ya Angola Kenya ilibaki na watu kumi mapema katika kipindi cha kwanza, lakini ikashikilia sare. Dhidi ya Morocco ilipata kadi nyekundu tena kabla ya mapumziko, ikacheza kipindi chote cha pili ikiwa na watu kumi, na bado Morocco hawakupata kitu. Kumbuka kwamba Morocco hao hao ndio walionyakua kombe, walipoifunga Madagascar 3 kwa 2 katika fainali. Yaani Kenya ilimshinda bingwa ikiwa na upungufu wa mtu mmoja. Huo ni ukuta, bana!

Sasa tazama mabao yenyewe. Mawili yalitoka kwa Austin Odhiambo, ambaye ni kiungo, na moja kati ya hayo lilikuwa penalti. Mawili yalifungwa na mshambuliaji Ryan Ogam. La tano, lile dhidi ya Madagascar, lilifungwa kwa kichwa na Alphonce Omija, na Omija ni beki. Walinzi walilinda, tena ikabidi mmoja wao apande mbele kufunga.

Kenya iliongoza Madagascar bao moja bila jibu kuanzia mwanzo wa kipindi cha pili. Laiti lingepatikana la pili! Lakini halikupatikana. Baadaye Madagascar wakapewa penalti, wakasawazisha, na dakika za nyongeza hazikubadilisha kitu. Ukiwa na bao moja tu, kosa moja la mkono au la mguu linafuta kazi ya dakika mia moja na ishirini. Hapo ndipo ninapotaka tukae tufikiri. Bao moja kila mechi linatosha mpaka siku lisipotosha, na siku hiyo huwa ni siku ya mtoano.

3. WENGINE WALIOPITIA NJIA HIYO

Mtu asidhani ni Kenya peke yake. Katika Kombe la Dunia la 2006 kule Ujerumani, Uswisi ilicheza mechi nne bila kufungwa hata goli moja. Ilitoka sare 0 kwa 0 na Ufaransa, ikazifunga Togo na Korea Kusini 2 kwa 0 kila moja, kisha ikatoka 0 kwa 0 na Ukraine. Kwenye penalti Uswisi ilikosa zote ilizopiga, ikatolewa. Wakaenda kwao bila kuokota mpira wavuni katika muda wa mchezo, tena wakaenda kwao mapema. Ukuta gani utajenga zaidi ya huo?

Mfano wa pili ni wa Waafrika wenzetu. Katika Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar, Morocco ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Katika mechi tano za kwanza ilifungwa goli moja tu, nalo ni la kujifunga yenyewe dhidi ya Canada. Ilizitoa Uhispania na Ureno. Lakini katika nusu fainali Ufaransa ilipata bao dakika ya tano tu. Timu iliyozoea kungoja sasa ikalazimika kwenda mbele kutafuta. Ilijaribu sana, ikamiliki mpira, lakini wavu haukutikisika. Mechi ikaisha 2 kwa 0. Mpango wa kujihami ni mzuri mpaka mwenzako atangulie kufunga. Akitangulia, unahitaji silaha nyingine mkononi.

Msomaji mwerevu atanijibu, "Na Ugiriki je?" Ni swali zuri. Ugiriki ilichukua Kombe la Ulaya la 2004 kwa kushinda robo fainali, nusu fainali na fainali, zote kwa 1 kwa 0. Walizifunga Ufaransa, Jamhuri ya Cheki na Ureno. Lakini tazama mabao hayo yalivyopatikana. Yote matatu yalikuwa ya kichwa, moja kutokana na krosi na mawili kutokana na kona. Hiyo si bahati nasibu. Walikuwa na silaha moja tu, lakini waliinoa ikakata. Ugiriki haitufundishi kwamba kuzuia kunatosha. Inatufundisha kwamba hata timu ya kuzuia lazima iwe na njia moja ya hakika ya kupeleka mpira golini.

4. KWA NINI KUPASIANA NI KUGUMU KULIKO KUZUIA: HESABU

Wenzangu wa kidato cha tatu wanajua somo la uwezekano. Hebu tulitoe darasani tulipeleke uwanjani.

Ili kuharibu shambulizi, mabeki wanahitaji kukata mnyororo mahali pamoja tu, popote pale. Ili kulikamilisha, timu inayoshambulia inahitaji kila kiungo cha mnyororo kishike. Tuseme shambulizi linahitaji pasi tano mpaka mshambuliaji apate nafasi ya kupiga shuti. Na tuseme, kwa mfano tu, kila pasi haitegemei ile iliyotangulia.

Kama pasi 8 kati ya 10 zinafika, uwezekano wa pasi tano mfululizo kufika ni 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8. Jibu ni karibu 0.33. Kwa mashambulizi 20, karibu 7 yatamfikia mshambuliaji.

Kama pasi 6 kati ya 10 zinafika, jibu ni karibu 0.08. Kwa mashambulizi 20, hata mawili hayatimii.

Kama pasi 9 kati ya 10 zinafika, jibu ni karibu 0.59. Kwa mashambulizi 20, karibu 12 yatafika.

Angalia tofauti kati ya 8 na 9. Ni pasi moja tu zaidi katika kila kumi, lakini mashambulizi yanayofika yanapanda kutoka 7 hadi 12. Ndiyo maana timu mbili zinaweza kuonekana karibu sawa ukitazama mchezaji mmoja mmoja, lakini moja inafunga magoli manne na nyingine haifungi kitu.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza jambo lingine ambalo wengi hulicheka, yaani kubutua mbele. Tuseme mipira 20 ya kubutua inampata fowadi mara 2 tu. Hiyo ni 0.1. Kwa timu ambayo pasi zake ni 6 kati ya 10, kubutua kunalipa kuliko kupokezana, maana 0.1 ni kubwa kuliko 0.08! Kwa hivyo timu inayobutua si lazima iwe na wajinga. Imepima bila kujua, ikaona pasi zake haziaminiki. Kubutua ni dalili, kama homa. Ukipiga kelele, "Acheni kubutua!" bila kuwafundisha kupasiana, unamfokea mgonjwa kwa sababu ana joto.

5. TIMU YETU

Sasa nifike nyumbani. Mwaka huu katika michezo ya muhula wa pili timu yetu ilisifiwa kila mahali kwa mabeki wake. Walimu wa shule nyingine walikuja kuwasalimia kwa mkono. Halafu mechi ya mwisho tukatoka sare bila bao, tukatolewa kwa penalti. Kila mtu anakumbuka siku hiyo. Wengi wanakumbuka pia kilichofuata. Sentafowadi wetu, ambaye sitamtaja jina, alizomewa kutoka uwanjani mpaka barabarani. Wiki iliyofuata akarudisha jezi namba tisa kwa mwalimu wa michezo, akasema hatacheza tena.

Mimi na rafiki yangu tulikuwa tumesimama kando ya mstari na daftari. Katika kipindi cha pili tulikuwa tukiandika alama kila mpira ulipomfikia sentafowadi miguuni. Alama hizo hazikumaliza vidole vya mkono mmoja. Mipira mingine yote ilipita juu ya kichwa chake, ikatoka nje, au ikakatwa katikati kabla haijamwona. Mtu anayepata mipira hiyo michache, tena akiwa amezungukwa na mabeki wawili, utamdai magoli mangapi? Alizomewa kwa njaa wakati hakupakuliwa chakula.

Kwa nini ukuta wetu ni mzuri na pasi zetu ni mbovu? Mimi naona sababu nne.

Kwanza, sisi ni watu wa mbio. Mzee Wilson Kiprugut wa Kericho ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Tangu hapo kila mtoto wa huku amekua akijua kukimbia ni fahari. Mapafu na miguu yetu inafaa sana kwa kukaba. Beki wetu akipitwa anageuka na kumkuta mtu wake tena. Lakini mbio unashinda kwa miguu yako mwenyewe. Pasi inahitaji miguu yako na macho ya mwenzako.

Pili, uwanja. Kiwanja chetu kimeteremka kama mashamba ya chai yanayokizunguka, na mvua ya alasiri ni mgeni wa karibu kila siku. Mpira wa chini unakwama kwenye tope, au unateremka wenyewe mpaka kwenye ua. Mchezaji akiona hivyo mara mbili, mara ya tatu anaubutua.

Tatu, wakati. Sisi ni shule ya kutwa. Masomo yakiisha saa kumi, tunabaki na dakika arobaini hivi za mazoezi, kwa maana wengine wana kilomita nyingi za kutembea, na nyumbani ng'ombe wanangoja kukamwa. Kupanga mabeki wanne wasimame mstari mmoja unaweza kukufundisha kwa wiki chache. Kuzoea mwenzako anakimbilia wapi kunataka siku nyingi.

Nne, sifa zetu wenyewe. Tunampigia makofi beki anayebutua mpira mpaka kwenye majani chai. Anayetoa pasi fupi salama hakuna anayemwona. Mchezaji ni binadamu, hufanya kile kinachopigiwa makofi.

6. SOMO KUTOKA SHAMBANI

Kila mmoja wetu anajua safari ya majani chai. Mchumaji anachuma majani mawili na kichipukizi, anajaza kikapu, anapeleka kwenye kituo, yanapimwa, kisha yanangoja lori la kiwanda. Lori likichelewa kwa sababu barabara imeharibika na mvua, majani yanapata joto ndani ya magunia, yanageuka rangi, na kiwanda kinayakataa. Je, nani wa kulaumiwa? Mchumaji alichuma vizuri. Kiwanda nacho kinangoja na mashine zake. Tatizo ni barabara.

Mabeki wetu ndio wachumaji. Wanaunyang'anya mpira vizuri, safi kabisa. Sentafowadi ndiye kiwanda. Lakini barabara ya katikati imeharibika, na sisi tunasimama getini kwa kiwanda kukizomea. Tungetengeneza barabara kwanza.

7. TUFANYE NINI?

Sipendi makala yanayolalamika halafu yanaisha. Haya ndiyo mambo ambayo yanawezekana hata kwa shule ya kutwa yenye mipira michache.

(a) Duara la pasi. Watu wanne wasimame pembe nne, mmoja awe katikati akijaribu kukata. Anayepoteza mpira anaingia katikati. Zoezi hili linachukua dakika kumi na halihitaji uwanja wote. Hata ule upande usioteremka, karibu na tangi la maji, unatosha. Timu kubwa za dunia hufanya zoezi la namna hii, kwa hivyo si mchezo wa watoto.

(b) Tazama kabla ya kupokea. Pasi nyingi hupotea kabla hazijapigwa. Anayepokea anakuwa ameupa mpira macho yote, hajui nyuma yake kuna nani. Afundishwe kugeuza kichwa mara moja kabla mpira haujafika, na kusimama mwili ukiwa nusu umeelekea mbele. Hili halihitaji hata mpira.

(c) Pembetatu. Kila mwenye mpira awe na wenzake wawili wa kumpa, mmoja kulia na mmoja kushoto. Akiwa na mmoja tu, beki wa wapinzani anajua mpira unaenda wapi. Siku hizi wakati kiungo wetu ana mpira, wengine wanasimama kumtazama kama wanaotazama harusi.

(d) Njiani kwenda nyumbani. Wale wanaotembea pamoja wapasiane mpira wakienda, mguu wa kulia na wa kushoto. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini mwaka 2017 imekuwa vigumu kutengeneza mpira wa nailoni, lakini matambara na kamba bado yapo. Mpira wa matambara haurukiruki, kwa hivyo unakulazimisha kupasia chini. Wajihadhari tu na barabara kuu. Pikipiki na malori ya chai hayana mchezo.

(e) Silaha moja ya mvua. Tukumbuke Ugiriki. Siku uwanja umejaa tope, pasi za chini hazitafika hata tukifundishwa na nani. Kwa siku kama hizo tuwe na kona mbili na mpira wa adhabu mmoja tuliofanyia mazoezi mpaka kila mtu anajua atasimama wapi. Omija alifunga kwa kichwa dhidi ya Madagascar. Mabeki wetu warefu nao wanaweza.

(f) Daftari. Chama chetu cha Kiswahili kinaweza kusaidia hapa. Wanachama wawili wakae kando ya uwanja kila mechi, waandike pasi zilizofika na zilizopotea, na mahali zilipopotea. Baada ya mechi wampe mwalimu wa michezo. Timu ikijua kwamba inapoteza mpira pale pale kila mara, kwa mfano upande wa kushoto baada ya pasi ya tatu, basi ina kitu cha kufanyia kazi. Timu ikiambiwa tu "mafowadi ni wabovu", haina kitu.

8. TAHADHARI

Asije mtu akasema nimewatukana mabeki. La hasha! Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tayari tunao ukuta. Tusiubomoe. Timu inayofungwa matatu kila mechi hata ikipasiana kama malaika haiendi popote. Ninachosema ni kwamba mlinzi mzuri anaanzisha shambulizi. Akishaunyang'anya mpira, kazi yake haijaisha mpaka aukabidhi kwa mtu. Mwenye kuokoa mpira halafu akaurudishia wapinzani kwa kuubutua, dakika ileile ataokoa tena, na tena, mpaka achoke. Kwa hivyo pasi nzuri pia ni njia ya kujihami, kwa sababu wapinzani hawawezi kufunga wakati mpira uko miguuni mwetu.

Na la mwisho ni ombi. Sentafowadi wetu atakuwa kidato cha nne mwakani. Michezo ya muhula wa pili itakuwa ndiyo ya mwisho kwake hapa shuleni. Jezi namba tisa bado iko katika kabati la mwalimu wa michezo, hajapewa mtu. Naomba wale waliomzomea, nao wanajijua, waende wakazungumze naye kama ndugu. Naomba pia viungo wetu watatu waende naye, wamwahidi mpira miguuni. Akikataa baada ya hapo, tutaheshimu uamuzi wake. Lakini asiache kucheza kwa sababu ya kosa ambalo halikuwa lake.

9. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya pasi ya kupenyeza na kubutua mbele. Tunga sentensi moja kwa kila moja.
2. Timu ina pasi 7 kati ya 10 zinazofika. Shambulizi lina pasi nne. Je, kati ya mashambulizi 20, ni mangapi hivi yatakamilika?
3. "Ukuta wa Uswisi mwaka 2006 ulikuwa bora, lakini haukutosha." Jadili kwa aya moja.
4. Toa methali mbili zinazofaa kwa mchezaji anayeng'ang'ania mpira peke yake.
5. Katika mechi ijayo ya shule, hesabu mara ambazo mpira unamfikia sentafowadi miguuni. Andika kabla hujamlaumu.

Majibu ya swali la pili mletee katibu wa chama kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula. Nawashukuru walimu wa Kiswahili kwa kunisahihisha tahajia, na mwalimu wa hesabu kwa kukubali somo lake litoke nje likanyeshewe na mvua. Nawatakia wachezaji wetu mazoezi mema, na sisi mashabiki nawatakia macho ya kuona pasi.